Mama Masijala na Barua Kumi na Saba

Pale chuoni kila mtu alimwita Mama Masijala. Kwa miaka ishirini na mbili alikaa kwenye chumba cha chini akipokea barua, kuzigonga mhuri na kuzipeleka zinakotakiwa. Alikuwa mcheshi, mdomo haufungi, lakini kazini hakuwa na mchezo. Hata mkuu wa chuo hakupewa bahasha bila kutia sahihi daftarini.

Basi siku moja ikaja habari kwamba serikali inatuma wachunguzi: wanafunzi wa kike wamelalamika kwamba wanadhalilishwa kingono na chuo kimeziba masikio. Weee, hapo ndipo mbio zilipoanza! Mabango ya kukemea unyanyasaji yakabandikwa hadi mlango wa jiko. Taa za njiani, zilizokufa miaka mitatu, zikafufuka kwa siku moja.

"Kumbe mafundi tunao!" Mama Masijala akacheka.

Kesho yake mshauri wa wanafunzi, mwenye dhamana ya malalamiko hayo, akashuka masijala akitiririkwa na jasho.

"Dada yangu, wakikuuliza, sema barua zile za malalamiko hazikufika."

Kicheko kikamkauka. Alimkumbuka binti mmoja aliyeleta yake kwa mikono miwili, akimsihi isipotee.

"Kaka, mimi ni mtunza barua, si mmeza barua."

Wachunguzi walipofika, mkubwa wao, mama mmoja mpole, alimwomba daftari. Mama Masijala akalamba kidole, akafunua kurasa. Akazisoma kwa sauti: barua kumi na saba, kila moja na tarehe yake, na sahihi ya mshauri pembeni, yenye mkia mrefu.

Mshauri akasimamishwa kazi. Mhadhiri mmoja aliyetajwa kwenye barua hizo akafikishwa mahakamani. Yule binti, aliyekuwa ameacha masomo, akarudi darasani. Wapo waliomnunia Mama Masijala wiki nzima, eti amekiaibisha chuo. Naye aliwasalimia kwa sauti kubwa zaidi mpaka wakachoka kununa.

Serikali ikaagiza iundwe kamati mpya ya malalamiko, na Mama Masijala akaitwa kuifundisha namna ya kumpokea mlalamikaji. Wasomi wazima wakaketi mbele yake kama watoto wa chekechea, yeye akiigiza mwanafunzi. Profesa mmoja alishindwa mara mbili, kila mara akianza kwa kumuuliza mwanafunzi alikuwa amevaa nini.

"Narudi mlangoni, baba. Anza upya!"

Mara ya tatu profesa alivuta kiti, akasema, "Karibu mwanangu, nakusikiliza." Wakampigia makofi, na Mama Masijala akapiga kuliko wote.