Msimu Nilioambiwa Nipumzishe Mguu

Maganda ya kahawa yaliyochacha yana harufu tamu na kali, kama uji uliosahauliwa jikoni. Nimehamahama miji mingi, na popote ninapokutana na harufu hiyo, mguu wangu wa kushoto huanza kuuma na hasira hunipanda. Mtanivumilia, wasomaji wangu. Hasira hii ina umri mkubwa kuliko watoto wangu.

Harufu hiyo nilikutana nayo mara ya kwanza miaka ya tisini, nilipotolewa kwetu Gachoka, nchi kavu ya Mbeere, kwenda kukaa kwa shangazi yangu kule Githongo, ati huko shule zina viwanja vizuri na walimu wa riadha. Nilisafiri kutwa nzima. Vumbi la kwetu likaisha, ukaja udongo mwekundu, ikaja migomba na baridi, halafu ile harufu ya kiwanda cha kahawa. Nilikuwa katika darasa la saba na nilikimbia kama mtu anayefukuzwa na nyuki.

"Wewe wa Mbeere, mbuzi umemwachia nani?" wenzangu walinitania, mpaka siku nilipowaacha wote nyuma uwanjani.

Nikachaguliwa kukimbia kwenye mashindano ya wilaya. Kabla hayajafika, muundi wa mguu wa kushoto ukaanza kuuma. Daktari akasema mfupa umeingia ufa mwembamba kama unywele kwa kukimbia mno.

"Apumzike mpaka maumivu yaishe kabisa," alimwambia mume wa shangazi, Baba Kinya. "La sivyo utavunjika."

"Atapumzika, daktari. Hata mpira hatagusa."

Na kweli, shuleni nilipumzishwa. Mwalimu wa michezo alinikalisha kando ya uwanja nilinde sweta za wenzangu. Lakini ulikuwa msimu wa kahawa. Kila nilipotoka shule nilichuma, kisha nikabeba gunia mgongoni kupanda kilima hadi kiwandani. Siku moja nilipishana na mwalimu huyo njiani, nimeinama chini ya gunia, maji ya kahawa yakinitiririka shingoni.

"Mguu unaendeleaje, bingwa?"

"Unauma, mwalimu."

"Pole sana. Usithubutu kukimbia!" Akaenda zake akipiga mluzi.

Nilipomlalamikia Baba Kinya, alinitazama kana kwamba ng'ombe wake ameomba chai.

"Daktari alikataza michezo. Hii ni michezo? Hii ni kazi."

Shangazi alikuwa akifunga mzigo wake, mkubwa kuliko wangu. "Hata wangu unauma," alisema bila kuinua uso. Nilidhani ananicheka, nikamchukia.

Msimu ulipoisha nilirudi uwanjani. Mashindano ya wilaya yalikuwa yamenipita, lakini mwalimu aliniahidi ya mwaka uliofuata. Mzunguko wa kwanza niliongoza, upepo masikioni, nikajiona nimepona. Kwenye kona ya mzunguko wa pili kitu kililia ndani ya mguu kama ukuni mkavu unaovunjika, nikaanguka kifudifudi. Baba Kinya alikuja kunitazama hospitalini, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

"Uliharakisha, kijana. Hukupumzika vya kutosha."

Ningekuwa na mkongojo karibu ningemtupia. Mfupa uliunga umepinda, na sikukimbia tena. Baba yangu aliagiza nirudishwe nyumbani Gachoka.

Asubuhi ya kuondoka, shangazi ndiye aliyenisindikiza hadi kituo cha basi. Tulipotoka langoni alininyang'anya sanduku. "Lete hapa. Daktari alisema upumzike." Akaliweka kichwani, akatangulia.

Hapo ndipo nilipoona kwamba anachechemea. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba kama kiazi kitamu. Msimu mzima nilimfuata nyuma kwenda kiwandani, macho yangu yakiwa kwenye mguu wangu tu. Tulishuka kilima kile tukichechemea wote wawili, na Githongo sikurudi tena.

Nilielewa nikiwa mtu mzima. Mguu wangu ulipelekwa kwa daktari kwa sababu ulikuwa wa mashindano. Wa shangazi ulikuwa wa kazi, na hadi leo hakuna aliyemwambia aupumzishe.