Mzee Usiguse na mafuta ya mkono wa mkewe

Kompresa, mashine ya hewa ya kupulizia rangi, bado haijaanza kunguruma, na mzee mmoja anazunguka gari jeusi lililoegeshwa katikati ya banda la rangi. Mikono ameiinua usawa wa kifua kama mtu aliyetoka kunawa akakosa taulo. Hataki iguse kitu.

Mteja anachungulia mlangoni na kunyoosha kidole kuelekea boneti. Kabla hakijafika, sauti inamdaka: "Usiguse."

Mteja anarudisha mkono mfukoni, mafundi wa jirani wanacheka. Kwa kulirudia neno hilo maisha yake yote ya kazi, mzee huyu ameshapoteza jina lake. Kuanzia mwenye gereji hadi muuza chai, wote wanamwita Mzee Usiguse, naye anaitika.

Kazi yake ni ile ambayo mwenye gari haioni. Gari likishanyooshwa bati na kupigwa msasa, yeye ndiye anayeondoa mafuta, nta na jasho la mikono ya watu kabla fundi rangi hajaanza kupuliza. Anashika vitambaa viwili. Kimoja amekilowesha tina, kile kimiminika chenye harufu kali cha kusafishia rangi, na kingine ni kikavu. Kilicholowa kinatangulia, kikavu kinakifuata nyuma kabla tina haijakauka, maana ikikauka inayaacha mafuta palepale ilipoyakuta.

"Watu wanadhani nafuta gari," anasema bila kuinua macho. "Kufuta tu ni kuusogeza uchafu. Mimi nauondoa."

Leo anakwenda polepole kuliko kawaida, na fundi rangi, rafiki yake tangu wote wawili wana nywele nyeusi, amesimama akimtazama. Gari hili wanalijua. Lilishapakwa rangi humuhumu bandani, na rangi ikakataa. Ikikataa tena, Mzee Usiguse hatashika kitambaa hapa tena. Mwenye gereji ameshasema atampeleka kuosha matairi.

Rangi kukataa ndiyo hofu ya kila banda la namna hii. Inapulizwa vizuri, inang'aa, halafu mbele ya macho ya fundi inaanza kujitenga na kuacha vishimo vidogo vya mviringo, uso mzima kama uliotokwa na ndui. Hapo hakuna ujanja. Ni kusugua yote na kuanza upya.

Mwaka huu ilianza kukataa bila sababu ya kuonekana. Kwanza ulikuwa mlango wa gari la mwalimu mmoja, kisha likaja hili jeusi. Fundi rangi alitoa maji yote kwenye kompresa, akabadilisha tina, akabadilisha na duka la kununulia. Mwisho akamuuliza mwenzake, kwa upole, kama macho yake bado yanaona vizuri.

Mzee akanuna. Watu wawili wanaokula sahani moja wakawa wanatumiana salamu kupitia kwa muuza chai.

"Niliumia," anakiri. "Mtu akikuuliza habari za macho kazini, anakuuliza utaondoka lini."

Kumbe macho hayakuwa na kosa. Kosa lilitoka nyumbani, tena lilitoka mahali pa mapenzi.

Mkewe ni fundi cherehani. Kiharusi kilimpata akiwa kwenye mashine yake, kikamwachia ulimi mzito na mkono wa kulia uliofumbata kama wa mtoto aliyeficha peremende. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini aliagiza uchuliwe kwa mafuta asubuhi na jioni, vidole vinyooshwe kimoja kimoja. Binti yao alijitolea kuja kila siku. Mama akauingiza mkono chini ya shuka na kugeukia ukutani. Hakutaka mtu yeyote auone ulivyokuwa, isipokuwa mumewe.

"Mkono ule umenishonea kila nguo niliyowahi kuvaa kazini," anasema Mzee Usiguse. "Zamani nikirudi nanuka tina ananiambia kaa hukohuko mlangoni. Safari hii tukawa tunaamka tunashikana mikono kama wachumba. Nisiseme uongo, niliona raha."

Akimaliza kumchua alikuwa ananawa kwa sabuni na kwenda kazini, roho kwatu. Glavu havai, kwa sababu zile anazozimudu zinayeyuka ndani ya tina.

Jibu alilipata kwa maji. Kuna kipimo anachowafundisha wanaoanza kazi, ingawa yeye mwenyewe alishaacha kukitumia kwa kujiamini. Bati likishasafishwa, nyunyizia maji. Pasipo na mafuta maji hutandaa na kutulia, na penye mafuta hujikusanya matone na kukimbia. Baada ya gari jeusi kusuguliwa upya, aliusafisha mlango mmoja, akaunyunyizia maji. Juu yalitandaa. Chini yalikimbia na kuacha mistari minne mikavu.

Alisogeza mkono wake karibu, bila kugusa. Mistari ilikuwa na upana wa vidole vyake.

Tina ya kwenye kitambaa ilikuwa inayachomoa mafuta kwenye mikunjo ya ngozi yake na chini ya kucha, kisha inayapaka kwenye gari. Mtu aliyeajiriwa kuondoa mafuta ndiye aliyekuwa akiyaleta kila asubuhi, na aliyaleta kwa moyo mweupe.

Hakuzunguka. Alimwendea fundi rangi na kumwambia, "Ni mimi. Mafuta ninayomchulia mama watoto nakuja nayo mikononi."

Fundi rangi anasema hakujua aangalie wapi. Aliomba radhi kwa lile swali la macho, kisha akaenda mwenyewe kwa mwenye gereji kumwombea mwenzake nafasi moja zaidi. Nafasi yenyewe ndiyo gari hili.

Ilibaki kumwambia mkewe. Njia nzima alipanga maneno, na alipofika yakamtoka ovyo. Alimweleza kwamba ingebidi binti ndiye aje kumchua, la sivyo kazi ingepotea. Mama aliyatafuta maneno yake kwa shida, kama anavyoyatafuta siku hizi.

"Jioni wewe," alisema. "Asubuhi mimi."

Akavuta shati kuukuu kutoka kwenye mfuko wa vitambaa vya mumewe. Mashati hayo ya pamba, ambayo mzee huyachana kupata vitambaa vya kazi, lazima yafunguliwe na kutolewa vifungo kwanza, la sivyo vitachora rangi. Alikilaza kifungo kimoja kwenye vidole vile vilivyofumbata, akaanza kuhangaika nacho. Chai ilipoa mezani. Mzee alitaka kumsaidia, akakatazwa kwa jicho. Mwishowe kifungo kilipita kwenye tundu lake, na wote wawili wakakitazama kama mgeni aliyeingia bila hodi.

Tangu hapo, asubuhi mkono unafanya mazoezi mkavu kwenye mashati, na jioni unapata mafuta. Baada ya hapo mzee anajisugua kwa brashi na sabuni hadi kwenye kiwiko. Na asubuhi, kabla hajatoka, anakandamiza kiganja kwenye kipande cha boneti kilichoegemezwa ukutani uani, na mkewe anakimwagia maji kwa kopo. Yakitandaa, ana ruhusa ya kwenda. Yakikimbia, anarudishwa kunawa.

"Nimepata mkaguzi mkali," anasema mzee, na fahari yake haifichiki.

Bandani, kompresa inanguruma. Fundi rangi anapuliza boneti kwa mikupuo mirefu, kisha anazima. Mzee amesimama nyuma na mikono yake hewani. Wanasubiri, na mwandishi wa makala haya anasubiri nao, akiliombea gari la mtu asiyemjua.

Rangi inatulia. Inakaa laini, nyeusi tii, bila kishimo hata kimoja.

Fundi rangi anavua kinyago chake. "Imelala, mzee," anasema, akinyoosha mkono kumpiga begani. Anakumbuka, anaurudisha.

"Leo gusa," anasema mzee, na kumsogezea bega.

Jioni mkewe anamsubiri kitini, shuka mapajani. Kando yake cherehani imefunikwa kitambaa, na hapo ndipo ulipo mpango wao. Wanataka arudi kwenye mashine, aanze na kupinda kingo za vitambaa, baadaye ovaroli mpya ya baba, maana aliyonayo imechoka. Fundi rangi ameahidi kuja kuitia mashine mafuta. Mzee mwenyewe haigusi.

"Imekubali?" mama anauliza.

"Imekubali."

Anaitikia kwa kichwa, taratibu. Kisha, mbele ya mgeni, mwandishi huyu, anautoa mkono chini ya shuka na kuuweka kwenye goti la mumewe, na mzee anafungua chupa ya mafuta.