Karani Aliyetunza Siri za Mji

Shangazi yangu, Verna Kobal, alikaa kwenye dirisha la mapokezi la zahanati ya mji wetu wa machimbo ya chuma, kaskazini mwa Minnesota, kwa miaka thelathini na moja. Alijua nani ana mimba, nani ana kisonono, nani amerudia pombe. Hata mumewe hakuwahi kuambulia neno. "Ukitaka habari nunua gazeti," alikuwa akimwambia.

Mwezi wa Mei, Aili Harju, rafiki yake tangu darasa la kwanza, alipimwa akakutwa na saratani ya kongosho. Akaja dirishani na ombi moja. Mwanawe Reid alikuwa amepata nafasi chuo kikuu, wa kwanza katika ukoo wao, na angeondoka mwisho wa Agosti.

"Akijua haendi popote. Ataingia mgodini kama baba yake. Wacha kwanza nimfungie mizigo, akishafika nitamwambia."

"Kwangu halitoki," Verna alisema. "Na wewe acha kulia, watu watadhani nimekupandishia bei ya dawa."

Kwa kina Harju, kama kwa wengi hapa, nyumba nzima ilitumia anwani moja ya barua pepe. Kwa hiyo Verna hakumwandikia Aili chochote. Majibu ya vipimo na tarehe za matibabu alivichapisha, akavitia mkobani, akampa mkononi katika jiko la kanisa wakiosha masufuria.

Julai, daktari alikabidhi barua pepe na mafaili yote ya zahanati kwa kampuni ya nje. Ilikuwa nafuu, na mkataba ulikuwa na kurasa arobaini ambazo hakuzisoma.

"Daktari, hao watakaosoma mambo ya watu ni kina nani?"

"Hakuna anayesoma, Verna. Ni mashine tu."

Jibu hilo bado linanichemsha damu. Mashine haina umbea, sawa, lakini pia haijui kunyamaza. Iliokota mafailini anwani ya barua pepe ya kila mgonjwa na kuanza kutuma vikumbusho. Jumanne moja Reid alifungua barua pepe akitafuta namba ya chumba chake bwenini, akakuta kikumbusho cha mama yake: matibabu ya saratani, Alhamisi saa nne asubuhi, asile kitu.

Hakwenda chuo.

Verna alipiga simu kwenye kampuni. Binti mmoja mpole alimjibu kwamba lalamiko lake limepewa namba. Ndipo akaenda kwa Aili, akasimama barazani.

"Sikusema mimi, Aili. Ni ile kampuni."

"Kampuni siijui. Nilikwambia wewe."

"Naapa sikutamka."

"Najua hukutamka. Hilo ndilo linaloniuma, sina hata wa kugombana naye. Reid yuko mjini anajaribu viatu vya mgodini. Nenda nyumbani, Verna."

Aili alikufa Novemba bila kumfungulia mlango tena. Daktari aliomba radhi, lakini mkataba aliuacha, kwa kuwa kuuvunja ni gharama. Shangazi bado yuko pale dirishani. Mgonjwa akianza kumweleza la moyoni, humkatiza.

"Usiniambie mimi, mpenzi. Mwambie daktari, halafu umwombe asiandike."

Wanadhani anatania. Wanaingia ndani, na daktari anaandika.