Mashua ya Mbao za Jiko

Enzi zetu mtaani Majengo, hapa Goma, mtoto aliyetaka kitu cha kuchezea alikitafuta kwenye takataka za watu wazima, akakiunda mwenyewe, kisha akachapwa kwa sababu kile kitu hakikuwa takataka. Magari yetu yalitoka kwenye makopo ya maziwa. Mashua zetu zilikuwa ndara zilizokatika, tulizozipeleka ziwani Jumapili baada ya misa na kuzishindanisha kati ya mawe meusi, huku akina mama wanaofua wakitukemea tusiwachafulie maji. Wenzangu mnakumbuka. Magoti yetu bado yana alama za mawe yale.

Kwetu mchezo ulivuka mpaka, kwa sababu Papa naye alicheza.

Papa alikuwa fundi wa chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili yanayoshuka kutoka Kibumba yakiwa yamejazwa viazi na kabeji mpaka mwenye kuyaendesha haonekani. Chukudu ya Papa haikuvunjika. Alipenda kusema hivyo mbele ya wageni, na Mama alipenda kuongeza kwamba mikono ileile ingeweza kumjengea jiko, ila haina nafasi. Maana tangu lava ya volkano ipite na tujenge upya, Mama alikuwa akipika nje chini ya shitingi, turubai la plastiki. Mvua ikija na upepo, alishika shitingi kwa mkono mmoja na mwiko kwa mwingine, na sisi tulikula fufu, ugali wetu, yenye maji ya mbinguni. Hatimaye Papa alimpa mkulima mmoja wa Kibumba chukudu mpya, akapewa mbao za mikaratusi. Mama alizigusa moja moja kama mtu anayechagua kitenge.

Kisha akaja Papa Moize, makanika wa motere, zile injini za mashua, rafiki wa Papa na adui wa ratiba zote za nyumbani. Alisimulia kwamba upande wa Bukavu ameona mashua ya mbio yenye matumbo mawili. Katikati ya matumbo hayo, chini ya sakafu, kuna njia ambamo upepo unaingia, na mashua ikishika kasi upepo ule unaiinua mpaka inagusa maji kidogo tu. Matumbo mawili hayakutushangaza. Wavuvi wetu wa sambaza, dagaa wa ziwa letu, hufunga hata mitumbwi mitatu pamoja kwa miti. Kilichomshangaza Papa ni upepo kubeba kitu. Hakumaliza chakula chake siku ile.

Wakati huo vijana wenye motere walikuwa wakishindana kila Jumapili, kutoka ufukweni hadi kwenye mtumbwi mmoja wa uvuvi uliotiwa nanga mbali, kuuzunguka na kurudi. Papa Moize alikuwa na motere ya kuazima. Zilikosekana mbao tu.

Mama alifahamu wakati Papa alishazikata zile mbao za jiko. Hakupiga kelele, na hilo lilitutisha zaidi. Alisema, "Papa Espe, ushindane. Ukishindwa, mbao yangu inarudia kwangu, na ni mimi nitang'oa misumari."

Mimi ndiye Espe, na mimi ndiye niliyeendesha, kwa kuwa wale wazee wawili walikuwa wazito. Mama alikubali kwa sharti moja: nifungwe bidon mbili za njano, madumu ya maji, chini ya makwapa, tupu na zimefungwa vizuri. Nilifanana na mbuzi anayepelekwa sokoni. Watoto wa mtaa walicheka hadi wakakaa chini.

Wangecheka zaidi baada ya mbio. Motere ilinguruma kwa moyo wote, lakini mashua ililima maji kama jembe, pua chini, na ule upepo ulioahidiwa sijui ulipita wapi. Nilipofika ufukweni wenzangu walikuwa tayari wanakula sambaza za kukaanga. Papa Moize alilaumu pangaboi ya motere. Mimi nililia kwa hasira, nikamwambia kila aliyenisikia kwamba nitarudi Jumapili inayofuata, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Kesho yake Mama alikuja na nyundo. Nilijilaza ndani ya mashua nisitoke. Hakunigusa. Aliizunguka, akagonga ubavu, akagonga sakafu, akachungulia chini. Kila mahali Papa alikuwa ameweka ubao juu ya ubao, na miti ya kukingama minene kama ya kubebea magunia.

"Papa Espe, hii si chukudu," alisema. "Nani alikutuma ubebe viazi ku maji?"

Papa alisema ikipunguzwa itavunjika. Mama akaanza kung'oa zile mbao za ndani, taratibu, akizipanga pembeni. Alipofika kwenye ngozi ya mashua, mbao za nje, alisimama, akanitazama nilivyojishikilia pale. "Hizi zinatosha," akasema. "Jiko yangu haiombi yote."

Wiki ile Papa alijenga jiko, na Jumapili tulirudi ziwani na mabaki ya mashua, sasa ikiwa nyepesi. Safari hii, tulipoacha ufuko, kelele ya maji chini yangu ilipungua, kisha ikawa kama imeenda. Bidon zilinipiga masikioni. Nilihisi mashua ikinyanyuka, nikaogopa sana, na sikupunguza. Nilifika wa kwanza, na Papa aliingia ziwani na viatu vyake vya misa.

Leo Papa Moize hayupo, Mama naye alitutangulia, mashua yenyewe ilioza. Jiko limebaki, jeusi kwa moshi, na matundu ya misumari ya mashua bado yanaonekana ukutani. Vijana wa sasa wanatazama mbio za mashua kwenye simu, wamelala, kidole ndicho kinachotoka jasho. Nawacheka. Lakini juzi binti yangu Neema aliniuliza kama nasi tunaweza kuunda moja. Nilitaka kumjibu kwamba miaka hii Goma imebanwa na vita, mbao za Kibumba hazishuki kama zamani, motere haipatikani. Yote ni kweli. Nikajisikia nikisema kama mtu aliyezeeka, nikaenda kuchukua nyundo ya Mama.

Papa alikuwa amekaa jikoni, anaota moto kwenye mbabula ya makaa. Siku hizi anasahau mengi. Aliniangalia niking'oa ubao wa kwanza ukutani, akauliza ni wa nini. Nikamwambia ni wa mashua. Uso wake ukafunguka. Kisha akanishika mkono.

"Espe, usitoe yote," alisema. "Mama yako atapikia wapi?"

Nikatoa zinazotosha. Nyingine nikaziacha mahali pake.