Waimbaji Wawili wa Nyuma ya Pazia

Yule mwimbaji wetu wa harusi hapa Ibra alifariki kabla ya Ramadhani, na wasomaji wangu mmeniuliza mbona nimenyamaza. Nilikuwa nangoja harusi ya binti yake. Marehemu kama yule sikutaka kumwandika kwa machozi, angenicheka.

Ujanani, wazazi wetu wakiwa hawajakaa sana tangu warudi huku Uarabuni kutoka Unguja, alipata kanda ya video ya waimbaji wawili wa Kiingereza. Mmoja aliimba, mwenzake kasimama nyuma ya kinanda, hacheki wala hatikisiki, kama mtu anayengoja pasipoti. Sisi tuliwatazama tukasahau. Yeye aliona kazi. Akamkabidhi kinanda binamu yake, mtu wa maneno machache, mwenyewe akatunga nyimbo za mapenzi kwa Kiswahili juu ya midundo ile. Toka Nizwa mpaka Sur, hapakuwa na harusi ya watu wetu waliyoikosa. Lakini ukumbi ni wa wanawake, basi wao walipiga nyuma ya pazia, na maharusi wengi waliijua sauti yake bila kuijua sura.

Siku moja nilitumwa kuwapelekea halwa na kahawa. Nikawakuta wamevaa makoti marefu na miwani myeusi kama wale Waingereza, jasho linawatiririka.

"Yakhe, nani anakuoneni humu?"

"Dada, nikivaa kanzu naimba kama mtu anayeomba udhuru," akanijibu. "Nikivaa koti, wallahi, naimba!"

Binamu alivuta sahani ya halwa. Nilicheka hata kahawa ikamwagika.

Wale Waingereza wamezeeka wakiwa pamoja, na nadhani siri yao ni kwamba kila mmoja alijua pa kusimama. Vikundi vingapi vimevunjika kwa kugombea mbele? Hawa wetu ni kifo tu kilichowatenganisha, na binamu akaapa hapigi tena, hata kwa harusi ya binti wa marehemu.

"Khalas, basi. Mimi napiga, siimbi. Nani ataimba?"

"Ami, wewe njoo upige tu," binti akamsihi. "Baba aliniahidi nyimbo zake."

Akaja. Kinanda kikaanza, na ilipofika zamu ya sauti sote tukageukia pazia. Bibi harusi akaimba. Kisha wasichana wote wakamfuata, watoto wasioweza kumwomba bibi yao maji bila kuchanganya Kiarabu, wakaimba ubeti baada ya ubeti, Kiswahili kimenyooka, hakuna neno lililoanguka. Vigelegele vilifika barabarani. Nililia kwa furaha, sifichi.

Miaka yote hii sisi wazee tunawagombeza watoto wajue lugha yetu, nao wanatukimbia. Marehemu hakumgombeza mtu, aliwachezesha kwa nyimbo zake. Mungu amrehemu. Tangu Alhamisi ile ya harusi, nyumbani kwangu hagombezwi mtu kwa ajili ya Kiswahili, tunaimba.