Uzinduzi wa Seva Iliyokuwa Macho

Nsajigwa hakujua kutupa kitu. Kwake Kyimo dari lilijaa majembe yasiyo na mipini na redio zisizo na sauti, na mkewe Atupele alipolalamika, jibu lilikuwa moja: akiba haiozi.

Tabia hiyo akaenda nayo kazini. Miaka ile ya soko huria, wakulima wa chai walipounda chama chao, waliletewa seva ya kutunzia kumbukumbu za mizani, na Nsajigwa akawa mlezi wake. Kila toleo jipya la mfumo lilipokuja aliliingiza, la zamani akaliacha palepale kwenye patisheni ya buti, kachumba kadogo ambamo seva huchukua akili yake kila inapoamka. Kachumba kakajaa. Toleo la mwisho likaingia nusu, nusu ikakosa pa kukaa. Seva iliendelea kuchapa kazi kwa akili ya jana, lakini Nsajigwa alijua: ikizimwa, haiamki. Dawa ilikuwa kufuta ya zamani. Kila alipopeleka kidole roho ilimuuma, akaahirisha.

Ndipo mwenyekiti, mzee Ambindwile, akatangaza uzinduzi. Seva ilikuwa na miaka miwili kazini, lakini nchi hii kitu kisichokatiwa utepe ni kama mtoto asiyebatizwa. Nsajigwa akamweleza kwamba seva iko macho tayari.

"Basi izime, mwanangu," mwenyekiti akasema kwa upole. "Mgeni rasmi atawasha nini?"

Nsajigwa aliogopa kumwambia kwamba ikizimwa haiamki. Akazima kioo tu, seva yenyewe akaiacha ikiwaka, akaifunika kwa kitambaa cha meza cha Atupele. Siku ilipofika mgeni akakata utepe, akabonyeza kitufe cha kioo, kioo kikawaka. Vigelegele. Nsajigwa akashusha pumzi.

Kumbe mpiga picha hakuwa tayari. Akaomba warudie. Mwenyekiti akakiondoa kitambaa ili picha ipendeze, na mgeni akaona kitufe kikubwa zaidi, cha seva yenyewe. Akakikandamiza kwa uzito wote wa cheo chake mpaka feni ikanyamaza, kisha akakibonyeza tena.

Kioo kikatoa mstari mmoja wa Kiingereza, kwamba mfumo wa kuamkia haukuonekana, kikakwama hapo. Mgeni rasmi akausoma kwa sauti ya hotuba, neno kwa neno. Watu wakasimama, wakapiga makofi.

"Ndaga fijo, mheshimiwa," mwenyekiti akashukuru.

Nsajigwa naye akapiga makofi, machozi yakimlengalenga. Nje, wakulima waliotoka Suma walikuwa wamepanga foleni na chai yao, wakisubiri kupimiwa.