Nilimwita Mwenyekiti Mume Wangu Mbele ya Watu wa Kompyuta

Wewe unayesoma hapa, hebu niambie ukweli: bibi yako alikuwa anakuitaje ukiwa mdogo? Mume wake? Mke mwenza? Kama umecheka, basi wewe ni mtu wa kwetu na utanisamehe. Kama hujacheka, kaa chini nikueleze, kwa sababu huo utani ndio umeniponza mimi mzee mzima, mbele ya watu wamevaa tai!

Nimekosa. Nasema mapema ili msinione mjanja. Nimekosa mimi na huu mdomo wangu, na hakuna mtu alinituma.

Jina langu achaneni nalo. Nakaa Buhehe, upande wa Uganda, nalima muhogo na wimbi, na shule niliacha nilipojua kuandika jina langu, nikaona inatosha. Haya maneno nayasema kwa simu, nyinyi mtaandika.

Mjukuu wangu nitamwita Nabwire, na yeye ananiita Kukhu, ndiyo bibi kwa lugha yetu. Kina Nabwire wamejaa Busia, mtatafuta mchoke.

Huyu Nabwire anafanya kazi mjini, kwa kampuni ya kupitisha mizigo mpakani. Yeye mizigo hagusi. Yeye anachunga ile kitu wanaita databesi. Siku moja nikamuuliza, sasa hiyo ni nini? Akaniambia, "Kukhu, ni ghala. Ila ndani hakuna wimbi, kuna majina ya watu na mizigo yao. Mimi ndiye nafunga mlango, nafukuza panya, na naweka akiba pahali pengine, hii moja ikiungua watu wasilie."

Hapo nikaelewa kabisa! Mlinzi wa ghala! Jumapili yake nikatangaza kanisani, mpaka mchungaji akaniambia mama, kaa chini sasa.

Kumbe hao walinzi wa maghala wako wengi, na wana mkutano wao! Wanatoka Kampala, Nairobi, Kisumu, Mbale, wanakutana kwa hoteli kubwa pale Tororo, ile ukisimama mlangoni unaona ule mwamba mkubwa wa mji wote. Na mwaka huu Nabwire wangu alipewa nafasi ya kuongea, mchana, mbele ya watu wote.

Sasa sikia vizuri, hapa ndipo penye uchungu. Mwenyekiti wa huo mkutano ni bwana mkubwa kwa kampuni fulani ya Kampala, na alikuwa anatafuta mtu wa kuongoza maghala yake. Yeye na wenzake wawili walikuwa wanasikiliza vijana wakiongea, halafu wanachagua mmoja. Nabwire kontrakti yake Busia inaisha. Hiyo kazi aliitaka mpaka chakula hakipiti! Alikuja jikoni kwangu kufanya mazoezi, anatembea huku na huku anaongea Kizungu, kuku wanamwangalia, mimi nachambua maharagwe na kupiga makofi.

Kila mwenye kuongea aliruhusiwa kuleta mgeni mmoja. Akasema, "Kukhu, twende wewe." Mama yake akamwambia, "Utajuta." Huyo mama yake ananijua. Nilimzaa.

Tukaenda! Nikavaa gomesi langu la kitambaa cha kung'aa, nikajipaka mafuta mpaka miguu. Mlangoni msichana mmoja akanivisha kitambulisho shingoni, kinaning'inia hapa kifuani kama ng'ombe wa mnada. Nikamuuliza, "Mmeshanipima kilo?" Akacheka, akanipa na chupa ya maji. Ya bure! Nikaomba ya pili.

Ndani baridi kama kwa friji ya samaki kule ziwani Majanji. Watu kimya, kila mtu na kompyuta kwa mapaja. Mimi nikasema moyoni, hawa watoto wanaumwa nini? Mbona hawasalimiani?

Mwenyekiti akapanda mbele. Mwanaume mrefu, amenenepa vizuri, pete kwa kidole. Akaongea Kizungu, halafu akacheka akasema kidogo Lusamia, lugha yetu! Akasema yeye amezaliwa upande wa Kenya, lakini mama yake ametoka huku Buhehe, akataja na ukoo.

Woi! Ukoo wangu! Ule niliozaliwa ndani! Maana yake mama yake ni mtoto wa kaka zangu, na yeye ni nani? Ni mjukuu wangu! Moyo ukaruka kama mbuzi amefunguliwa kamba.

Na sisi kwetu, mjukuu mwanaume ni mume wako. Unamtania, anakutania. Unamuuliza mbona hajaleta sukari, anakujibu wewe mzee umeisha meno sukari ya nini. Na mjukuu msichana ni mke mwenzako, mnagombania babu. Ndivyo tulivyolelewa. Nabwire mwenyewe tangu anyonye namwita mke mwenza, na yeye ananiambia, "Mimi ndiye ninapendwa, wewe zamu yako ilipita."

Basi wakasema kila mtu ajitambulishe, maiki izunguke. Ikazunguka. Huyu anasema jina na kampuni, anakaa. Yule jina na kampuni, anakaa. Kavu! Kama watu wa msiba! Nabwire akaninong'oneza, "Kukhu, sema tu umekuja na mimi, ukae."

Nikasema sawa. Nikasimama. Nikashika maiki. Sauti yangu ikatoka kwa ukuta yote, kubwa, nzuri! Sijawahi kusikia sauti yangu hivyo! Hapo ndipo nikapotea.

Nikasema, "Mimi ni mke mkubwa wa huyu Mwenyekiti! Amenitupa kijijini miaka yote, hata sabuni haleti! Na huyu hapa, mwenye gauni la kijani, ndiye mke mdogo. Leo ameitwa kuongea, mimi sikuitwa. Nyinyi wenyewe mnaona nani anapendwa!"

Jamani! Wasamia waliokuwa nyuma wakaanguka chini. Mmoja akapiga meza. Mwenyekiti mwenyewe akacheka mpaka akatoa kitambaa. Mimi nikakaa, nimevimba kwa raha, nikafungua ile chupa ya pili.

Nikageuka kumwangalia Nabwire. Hakuwa anacheka. Alikuwa anaangalia viatu.

Na kwa ile kucheka yangu sikuona kitu kingine: watu wa mbali, wale wa Kampala na Nairobi, hawakucheka. Walikuwa wanaangaliana. Wengine simu zilikuwa juu.

Wakati wa chai nikapanga foleni, nimeshika sahani, natafuta sambusa. Mbele yangu wasichana wawili, wamenipa mgongo, hawakuniona. Mmoja anasema, "Ndiyo maana alipewa nafasi ya kuongea."

Mwingine anasema, "Na kazi pia atapewa. Sisi tunakuja hapa kupoteza mafuta ya gari."

"Lakini na bibi mzee vile? Huyo Mwenyekiti ana roho ngumu."

Sambusa ikanianguka. Haki ya Mungu, ilinianguka! Nikawaambia, "Wanangu, ule ni utani!" Wakanigeukia, wakaona ni mimi, wakakimbia na chai yao.

Nikamtafuta Nabwire. Nikamkuta kwa veranda na mama mmoja wa miwani, yule anayepanga ratiba. Yule mama anasema kwa upole, lakini ule upole unaokata: "Watu wanalalamika. Wanasema kuna upendeleo. Tunakuondoa kwa ratiba ya mchana, mpaka tuongee."

Nabwire akasema, "Mama, yule ni bibi yangu. Ni mzaha."

"Najua wewe unasema ni mzaha."

Yule mama akaondoka. Nabwire akaniangalia. Hakupiga kelele. Ningependa apige kelele! Akasema, "Kukhu, umenimaliza," akaenda kusimama peke yake karibu na maua.

Mimi sikukaa. Nilipandisha gomesi, nikaenda moja kwa moja kwa Mwenyekiti. Nikamkuta anaongea kwa simu, jasho linatoka kwenye ile baridi. Ni mke wake! Mtu ameshamtumia video! Nasikia sauti ya mwanamke inauliza, "Na huyo mzee mwenye meno matatu ni nani?"

Nikachukua simu mkononi mwake. Nikasema, "Mwanangu, meno ni manne. Na mimi ni bibi ya mume wako, nimetoka kwa ukoo wa mama mkwe wako. Wewe ndiye mke, mimi ni maneno tu." Akacheka, akaniuliza Mwenyekiti alikuwa mtoto wa tabia gani. Nikamwambia leo ndiyo nimemwona mara ya kwanza! Akacheka zaidi. Huyo mmoja nilimtengeneza.

Nikamwambia Mwenyekiti, "Nirudishie maiki."

Mama wa miwani akasema, "Hapana, hapana, hapana."

Mwenyekiti akasema, "Mpe. Vile ilivyoharibika, itaharibika wapi tena?"

Watu wakarudi kukaa. Nikapanda mbele kabisa. Nikawaambia Kiswahili yangu hii hii: "Mimi ni bibi mjinga kutoka Buhehe. Huyu mtoto na huyu mwanaume hawakujuana mpaka ile siku alipomwandikia kuomba nafasi ya kuongea. Ni mimi nimesema maneno ya jikoni pahali pa watu. Sasa nauliza. Nani hapa bibi yake anamwita mume, ama mke mwenza? Inua mkono. Usidanganye bibi yako!"

Hakuna mkono hata mmoja. Nikaona nimekufa mara ya pili.

Halafu mwanaume mmoja wa Kisumu, kipara kinang'aa, mkono juu. Akasema, "Mimi nilinunuliwa kaptula nikaambiwa ni mahari." Watu wakacheka. Mtoto wa Mbale mkono juu. Mtu mmoja wa kabila la Teso. Mjapadhola na dada yake, mikono yote minne! Msichana mmoja wa Kampala, tena mmoja wa wale wa sambusa, akainua pole pole, akasema, "Jajja wangu, bibi yangu, ananiita mke mwenza mpaka leo, mimi nilifikiri ni yeye tu." Ukumbi ukawa msitu wa mikono! Na pale pembeni mama wa miwani, nikamwona, mkono wake umefika begani, unaona haya kuendelea.

Nilicheka nikalia, nikalia nikacheka.

Nabwire wakamrudisha kwa ratiba. Aliongea! Aliongea kama redio! Mimi nilielewa tu pale aliposema ghala ikiungua, akiba iwe pahali pengine. Nikapiga makofi pale, na pengine pasipo na makofi. Wakamuuliza maswali, anajibu, anauliza na yeye. Yule wa kipara anaandika.

Ningeishia hapo, mngefurahi. Lakini nilisema nimekuja kuungama.

Jioni Mwenyekiti alituita pembeni. Akasema kwa heshima, "Kukhu, ile video imeshatembea mbali, nimejitoa kwa kuchagua. Nikimpa kazi, watasema nimempa mke wangu. Nimewaachia wale wawili." Na wale wawili waliogopa maneno. Walimwambia Nabwire kwa mdomo wao kwamba ameongea vizuri kuwapita wote. Halafu wakachukua kijana wa Mbale.

Alinyang'anywa na mdomo wangu. Si na panya, si na moto. Na mdomo wangu!

Kutoka Tororo mpaka Busia aliniambia kitu kimoja tu. "Bibi, shika mkoba wako." Bibi! Kama mtu amenikuta sokoni! Wiki nzima simu haipigi. Mimi naongea na kuku.

Nikaona hii haiwezekani. Nikapanda boda mpaka mjini, mpaka chumba chake. Alipofungua mlango nikapiga magoti. Mimi, kwake! Kwetu ni yeye anapaswa kunipigia magoti akinisalimia.

Akapiga yowe, "Kukhu simama! Unataka nife? Majirani wanaona!"

"Waone."

"Kukhu, simama!"

"Siwezi. Magoti yamekwama."

Na ilikuwa kweli! Yalikwama! Akanivuta, nikamvuta, tukaanguka wote wawili kwa kapeti, akaanza kucheka, ule wa tumboni, mpaka akashika mbavu. Akaniambia ofisini wote sasa wanamwita mke mdogo, hata askari wa geti. Nikasema pole. Akasema, "Pole yako haijatosha." Nikasema najua.

Nyinyi bibi wenzangu, na babu pia, nawaomba: utani ni mtamu, lakini angalia nani yuko ndani ya nyumba. Mtoto akiwa mbele ya watu anatafuta chakula yake, mwache aitwe jina lake. Wale wasiokujua wanasikia maneno, hawasikii mapenzi yaliyo ndani. Mimi nilifurahi mara moja, yeye akalipa.

Nabwire alinipikia chai, akakaa karibu yangu, akaweka kichwa hapa begani. Akasema, "Mke mwenza, sikiliza, nakuahidi. Hiyo kazi, ama kubwa kuliko hiyo, nitaipata kwa kichwa yangu mwenyewe. Na siku ya kwanza wewe ndiye utanisindikiza mpaka ndani. Nitakuwa nimeshasaini. Basi kuanzia askari mpaka mkubwa wao, wote waite mume."